Kuanzisha chapa ya nguo na duka lake la mtandaoni: kuanzia kitambaa hadi kifurushi

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sokoni ni kweli. Mteja anashika shati, analivuta kidogo aone kama linarudi, analigeuza ndani atazame mshono, analiweka kifuani mbele ya kioo, na ndani ya dakika moja ameshajua. Mtandaoni hana mkono wala kioo. Nguo yako iwe njema kiasi gani, kwake ni picha kwenye simu, na picha nzuri hata mwenye nguo mbovu anazo.

Kwa hiyo mwenye chapa ndogo ana kazi mbili: kutengeneza nguo ambayo mkono ungeikubali, kisha kumpa mteja yote ambayo mkono wake ungemwambia. Mwongozo huu unakwenda kwa mpangilio huo. Nembo imo na matangazo yamo, ila si mwanzoni, maana wengi humalizia mtaji huko kabla hawajashona hata shati moja la kujivunia.

Hatua ya 1: Nguo moja, mvaaji mmoja

"Nguo za kisasa kwa watu wote" si chapa, hiyo ni bohari. Kabla ya kuchora chochote andika sentensi moja inayotaja nguo, mvaaji na kero yake. Mfano: mashati ya kazini kwa wanaume warefu wembamba ambao mikono ya mashati ya dukani huwaishia juu ya kifundo. Au: suruali za wanawake zenye mifuko ambayo simu inaingia yote. Sentensi hiyo si lazima ionekane popote dukani. Ni yako, ya kukuzuia. Ukishikwa na tamaa ya kuongeza kofia, soksi na begi mwezi wa kwanza, isome tena.

Hata majina makubwa yalianzia pembamba. René Lacoste, mcheza tenisi wa Ufaransa aliyepewa jina la utani la Mamba, alianzisha kampuni mwaka 1933 akiwa na mwenzake André Gillier kwa ajili ya fulana nyepesi ya mikono mifupi ya kuchezea tenisi, enzi ambazo wachezaji walikuwa wakitokwa jasho ndani ya mashati ya mikono mirefu. Kero ilijulikana, mvaaji alijulikana, na mamba akakaa kifuani.

Sababu nyingine ya kubana ni hesabu. Miundo 4 katika rangi 3 na saizi 5 ni vitu 60 tofauti vya kushona, kupiga picha na kuhesabu. Ukiweka vipande 10 tu kwa kila kimoja una nguo 600 chumbani, na pesa yako yote imelala humo. Muundo 1, rangi 2, saizi 5: vitu 10. Hapo unaweza kupumua. Rangi moja iwe ya kuuzika bila maneno, kama nyeusi au bluu iliyoiva, na ya pili ndiyo ibebe sura ya chapa yako.

Saizi nazo usizigawe sawasawa. Kwa fulana 60 za saizi nne, mgawo wa 10, 20, 20 na 10 kwa S, M, L na XL ni mwanzo wa busara kuliko 15 kila moja, kwa kuwa saizi za kati ndizo kawaida hukimbia. Isipokuwa, bila shaka, mvaaji wako ni yule wa saizi za pembeni ambaye maduka yamemsahau. Hapo geuza mgawo mzima.

Hatua ya 2: Kitambaa kabla ya mchoro

Muuzaji atakuambia ni pamba safi, hakichuji, hakisinyai. Mshukuru, kata kipande, nenda kapime mwenyewe.

Uzito wa kitambaa hutajwa kwa gramu katika mita moja ya mraba. Kata mraba wa sentimita 10 kwa 10, uweke kwenye mizani ndogo inayosoma sehemu za gramu, zidisha kwa 100. Mizani ikisoma 1.8, kitambaa chako ni cha gramu 180, uzito unaofaa fulana ya kila siku. Chini ya 150 ni nyepesi, na nyeupe ya uzito huo huonyesha vilivyo ndani. Kuanzia 220 inakuwa nzito, inasimama yenyewe mwilini, nzuri kwa fulana pana. Andika namba hiyo mahali, utaihitaji kwenye maelezo ya dukani.

Kipimo cha kufua ndicho kinachookoa chapa nyingi changa. Juu ya kipande kikubwa cha kitambaa chora mraba wa sentimita 50 kwa 50 kwa kalamu isiyofutika. Kifue kama mteja wako atakavyofua, si kama ungependa afue, ukianike au ukikaushe kwa mashine kama yeye, na urudie mara tatu. Kisha pima urefu na upana kila mmoja kivyake, kwa sababu vitambaa vya fulana mara nyingi hupungua zaidi upande mmoja. Sentimita 50 zikiwa 47.5, umepoteza asilimia 5. Inasikika ndogo. Kwenye fulana ya urefu wa sentimita 70 ina maana itabaki 66.5, na mteja aliyenunua nguo ya kufunika kiuno sasa anaonyesha mkanda.

Dawa ziko tatu: nunua kitambaa kilichokwisha kusinyazwa kiwandani, fua kitambaa chote kabla ya kukata, au kata kwa kufidia. Ukifidia, usiongeze asilimia 5 kwenye 70. Gawanya 70 kwa 0.95, upate karibu 73.7. Tofauti ni ndogo, lakini hukua kadiri kitambaa kinavyosinyaa zaidi.

Rangi ijaribu kwa kitambaa cheupe kilicholowa: sugua kwa nguvu mara kumi na kadhaa, tazama kilichobaki juu ya cheupe. Nyekundu na nyeusi zichunguze kwa jicho la pili.

Kama nguo itachapwa maandishi au picha, jua kwamba kuchapa kwa skrini, yaani kusukuma rangi kupitia wavu, kuna gharama ya maandalizi kwa kila rangi, hivyo kunalipa vipande vikiwa vingi. Uchapaji wa kidijitali hauhitaji maandalizi hayo, unafaa vipande vichache. Darizi inadumu kuliko zote mbili, lakini kwenye kitambaa chepesi inavuta na kukunja. Kila njia utakayoichagua, ipitishe kwenye kufua kule kule mara tatu.

Hatua ya 3: Karatasi ya vipimo na sampuli

Fundi hodari akiambiwa "fanya kama ile ya juzi" atafanya, na ya kesho kutwa itatofautiana na ya juzi. Kinachoshikilia chapa ni karatasi. Ukurasa mmoja au miwili unatosha: mchoro wa mbele na nyuma, aina ya kitambaa na uzito wake, rangi ya uzi, aina ya mshono kila sehemu, upana wa pindo, mahali lebo inapokaa, na jedwali la vipimo kwa sentimita.

Eleza kila kipimo kinaanzia wapi. "Kifua" peke yake hakitoshi. Andika: nguo imelazwa juu ya meza bila kuvutwa, kutoka upande mmoja hadi mwingine, sentimita 2.5 chini ya kwapa. "Urefu" uanzie sehemu ya juu kabisa ya bega, pale linapokutana na kola, hadi mwisho wa pindo. Weka na kiasi cha kosa unachokubali, kwa kawaida sentimita 1 kwenye kifua na urefu. Bila kiwango hicho kila nguo iliyokosewa itageuka kuwa mabishano.

Kutoka saizi moja kwenda nyingine, mzunguko wa kifua mara nyingi huongezwa sentimita 5, yaani 2.5 nguo ikiwa imelazwa. Usiruhusu kila kitu kikuzwe kwa kiwango hicho hicho. Shingo ya mtu wa XL haijakua kama kifua chake, na mabega vilevile. Hapa ndipo unapoona XL za chapa nyingi zinaonekana kama hema: aliyezikuza alikuza karatasi nzima.

Sampuli ya kwanza itakuwa na makosa, na ndiyo kazi yake. Ivae siku nzima. Inua mikono uone kama pindo linapanda mpaka tumboni, kaa, beba begi begani, fua, vaa tena. Iweke kwenye miili mitatu isiyofanana. Rekebisha karatasi, shonesha nyingine. Ukiridhika, shonesha mbili zinazofanana kabisa, zifungie kibandiko chenye tarehe na sahihi yako na ya fundi: moja ikae kwako, nyingine kwake. Hizo haziuzwi wala hazivaliwi. Ni hakimu wenu siku mzigo utakapokuja.

Hatua ya 4: Bei

Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika biashara ya nguo hupotea huku simu ikilia oda. Chukua daftari ufanye hesabu hii kwa pesa yoyote unayotumia.

Tuseme nguo moja imekugharimu 100: kitambaa 38, ushonaji 30, uchapaji 12, lebo, uzi na vifungo 8, mfuko na karatasi za kufungia 7, na 5 za nguo zitakazokataliwa kwa kasoro. Hiyo 5 wengi huiacha. Usiiache, maana kasoro haziachi kuja.

Desturi ya kuzidisha gharama mara mbili inakupa bei ya 200, na mkononi inaonekana faida ya 100. Sasa toa vya mtandaoni. Ada ya malipo, tuseme asilimia 3, ni 6. Tangazo lililomleta mteja huyu, 30. Sehemu ya usafirishaji unayombebea, 15. Akiba ya nguo zinazorudishwa, 10. Umebaki na 39, na hujalipia picha, ada za duka, wala saa zako.

Halafu inakuja ile siku ya punguzo la asilimia 20. Bei inakuwa 160. Gharama ya nguo bado 100, ada ya malipo 4.8, tangazo, usafirishaji na akiba ya kurudisha bado 55. Jumla 159.8. Umefunga mzigo, umeupeleka, umejibu jumbe za mteja, umepata 0.2.

Kwa bei ya 250 hesabu inabadilika: baada ya makato hayo hayo unabaki na 87.5, na hata ukitoa punguzo la asilimia 20 unabaki na ile 39. Ndiyo maana napendelea mara mbili na nusu kwa anayeuza mwenyewe moja kwa moja. Ukiwa na nia ya kuuza kwa jumla siku moja, panda zaidi, kwa sababu mwenye duka naye atataka kuizidisha bei yako ya jumla karibu mara mbili. Kama soko halikubali 250, usishushe bei kwanza. Rudi kwenye kitambaa, idadi ya vipande vya mkato, vifungo. Mfuko wa kifuani usio na kazi una gharama ya ushonaji kama mfuko wenye kazi.

Hatua ya 5: Jina, nembo na lebo

Jina lijaribu kwa simu. Mpigie mtu, litamke mara moja, mwambie aliandike. Akikosea, na wateja watakosea wakikutafuta. Kisha tazama kama jina la tovuti bado liko wazi, kama mitandao ya kijamii unayoitumia inalo wazi, na kama hakuna aliyelisajili kuwa alama ya biashara.

Hili la mwisho lina utaratibu wake. Nchi nyingi hupanga alama za biashara kwa madaraja 45 ya mfumo uliotokana na mkataba wa Nice wa mwaka 1957. Nguo, viatu na kofia ziko daraja la 25, na huduma za kuuza rejareja daraja la 35. Shirika la Umoja wa Mataifa la Haki Miliki, WIPO, lina hifadhidata ya alama za dunia ambayo yeyote anaweza kuitafuta bila malipo. Anza huko, halafu msajili wa nchi yako. Usajili unakulinda katika nchi ulikosajili tu. Ukitaka nyingi, mfumo wa Madrid unakuruhusu kuomba kwa ombi moja, ukianzia na alama ya nyumbani. Na kumbuka, jina linaloeleza bidhaa tu, kama "Fulana Bora", kwa kawaida hukataliwa: hakuna anayeweza kulimiliki neno la kila mtu.

Nembo usiipe pesa nyingi. Ile ya Nike ilichorwa mwaka 1971 na Carolyn Davidson, wakati huo mwanafunzi wa usanifu, kwa dola 35. Baadaye kampuni ilimpa pia hisa. Kipimo cha kweli cha nembo ya nguo ni kama inasomeka ikiwa na upana wa sentimita 2, rangi moja, ikiwa imefumwa kwa uzi. Mistari myembamba na herufi zenye mikia hufia kwenye lebo. Omba sampuli ya lebo iliyofumwa kabla hujaipenda nembo kwenye kompyuta.

Lebo yenyewe ina nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Levi's walishona kitambaa kidogo chekundu pembeni mwa mfuko wa nyuma mwaka 1936 ili suruali zao zitambulike kwa mbali, na hadi leo kinazitambulisha. Nawe tafuta sehemu moja ndogo ya kudumu: pindo la ndani la rangi fulani, kifungo cha mwisho kisichofanana na wenzake, mshono wa nyuma ya shingo. Irudie kwenye kila nguo utakayotoa.

Lebo ya matunzo nayo ni sehemu ya chapa. Alama zake zinaeleweka popote: bakuli ni kufua, pembetatu ni dawa ya kung'arisha, mraba ni kukausha, pasi ni pasi na nukta zikiongezeka joto huongezeka, duara ni kazi ya dobi mtaalamu. Alama yenye mkato wa X ni katazo. Weka zile ulizozithibitisha kwa kufua mwenyewe, na angalia sheria ya nchi unakouzia kuhusu kutaja aina ya nyuzi.

Hatua ya 6: Duka lenyewe

Njia ziko tatu. Kuuza ndani ya mtandao wa kijamii ni rahisi kuanza, ila akaunti si mali yako. Ikifungwa, umefungiwa na wateja. Duka la kukodi kwa mwezi, kama Shopify, linakuja na kikapu, malipo na hesabu ya bidhaa tayari. (Lenyewe lilizaliwa baada ya waanzilishi wake kutaka kuuza mbao za kutelezea kwenye theluji na kukosa programu ya duka iliyowaridhisha.) Ya tatu ni kujenga mwenyewe juu ya WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, kwa kiongezi chake cha duka, WooCommerce: programu ni ya bure, lakini utalipia mahali pa kuihifadhi, na masasisho na ulinzi ni juu yako. Asiyependa kushika mitambo na achukue ya pili. Mitandao ya kijamii iwe mlango wa kuingilia dukani tu.

Chochote utakachochagua, nunua jina la tovuti kwa jina lako na barua pepe yako. Fundi wa tovuti akikwambia atakusajilia kwa akaunti yake ili usisumbuke, mwambie hapana kwa heshima. Washa ulipaji wa kujirudia wa kila mwaka na uthibitisho wa hatua mbili.

Mpangilio wa duka uwe mkavu. Ukurasa wa mwanzo wenye nguo, ukurasa wa kila nguo, usafirishaji na kurudisha, faragha, mawasiliano, na habari zenu kwa aya mbili. Kila kitu kipe namba ya bidhaa inayosomeka, kama FM-NY-L: fulana mikono mifupi, nyeusi, L. Siku ya haraka hutabandua mfuko kuangalia kilichomo.

Hatua ya 7: Picha na maneno yanayoshika mahali pa mkono

Simu nzuri na dirisha vinatosha. Simama karibu na dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja, zima taa za ndani zisichanganye rangi, weka kitambaa au karatasi nyeupe nyuma, na bandika alama sakafuni ili kamera na nguo visimame pale pale kila mara. Piga karatasi nyeupe katika mwanga huo huo. Ikionekana ya njano au bluu pichani, sahihisha mpaka iwe nyeupe, na sahihisho hilo hilo litumie kwa picha zote. Rangi iliyodanganya ni nguo iliyorudishwa.

Kwa kila nguo piga mbele, nyuma, kola kwa karibu, pindo na mshono kwa ndani, lebo, na kitambaa kwa karibu kiasi cha kuona nyuzi. Kisha mwilini, kwa watu wawili wasio na umbo moja, na chini ya picha andika: ana urefu wa sentimita 168, amevaa M. Mstari huo mmoja unajibu swali ambalo ungejibu mara mia kwenye jumbe. Picha za ukurasani ziwe na upana wa pikseli 1600 hivi na zibanwe zisizidi kilobaiti mia chache, kwa sababu mteja wa simu hangoji.

Maelezo yaandike kama unavyomweleza mtu aliyesimama pembeni yako. Tazama haya mawili. La kwanza: "Fulana ya kipekee yenye ubora wa hali ya juu kwa mtindo wako wa maisha." Hakuna alichojua. La pili:

"Fulana ya pamba tupu, gramu 220, nzito lakini laini ndani. Imekatwa pana mabegani na fupi kidogo, inaishia juu ya mifuko ya suruali. Kola ina utepe kwa ndani ili isilegee. Tumeifua kabla ya kuikata, kwa hiyo haitapungua zaidi ya sentimita moja. Ukipenda ikubane, chukua saizi moja chini."

Chini yake weka jedwali la vipimo vya nguo iliyolazwa, pamoja na maelekezo haya: chukua fulana yako unayoipenda, ilaze mezani, pima kwapa hadi kwapa, linganisha. Mtu anajua zaidi fulana yake kuliko mwili wake. Jedwali la "kifua 96 hadi 101" humwacha akibahatisha.

Hatua ya 8: Malipo, mzigo, kurudisha

Weka njia za malipo ambazo wateja wako tayari wanazitumia, ziwe kadi, pesa za simu au benki, na taarifa za kadi ziachie kampuni ya malipo. Usizihifadhi popote, hata kwenye daftari.

Gharama ya usafirishaji ionekane kabla mteja hajajaza anwani. Watu huacha kikapu wakikutana na nyongeza ya mwisho ambayo hawakuitarajia. Pima uzito wa nguo ikiwa imeshafungwa, si peke yake.

Masharti ya kurudisha yaandike kwa sentensi za kawaida: siku ngapi, nguo iwe katika hali gani, nani analipa nauli ya kurudi, pesa inarudi lini. Nchi nyingi zina sheria kuhusu mauzo ya mbali. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, mnunuzi wa mtandaoni kwa kawaida ana siku 14 za kubadili nia bila kutoa sababu. Kubadilisha saizi fanya kuwe rahisi kuliko kurudishiwa pesa. Ukiweza, beba nauli ya badiliko la kwanza.

Kabla ya kufungua, mtafute mtu asiyeijua biashara yako, mpe simu na pesa, mwambie anunue nguo moja. Kaa pembeni na usiseme neno. Kila atakapositisha kidole pana kasoro.

Hatua ya 9: Wateja wa kwanza

Wiki chache kabla ya kufungua, weka ukurasa mmoja wenye picha, tarehe na sehemu ya kuacha barua pepe. Onyesha kazi: kitambaa kikifuliwa, sampuli iliyokataliwa na sababu yake, karatasi ya vipimo ikiwa na mikwaruzo. Wenzangu wengi huogopa kuigwa wakionyesha hayo. Anayetaka kuiga atanunua nguo aifumue tu, huku mteja aliyeona kilichokataliwa anajua kwa nini bei iko pale.

Matangazo ya kulipia yaanze kidogo na baada ya kuuza kadhaa bila tangazo. Nguo isiyouzika kwa watu wanaokufahamu haitauzwa na pesa za matangazo, itazimeza tu. Watu maarufu wa mitandao nao: mwenye wafuasi wachache wanaofanana na mvaaji wako anafaa kuliko mwenye umati wa kila aina. Makubaliano yawe kwa maandishi, na tangazo litajwe kuwa ni tangazo.

Kifurushi kisiwe na mbwembwe. Nguo iliyokunjwa vizuri, isiyo na nyuzi zinazoning'inia, mfuko usiopitisha maji, kadi yenye maelekezo ya kufua na namna ya kubadilisha saizi. Kata nyuzi zote. Uzi mmoja unaoning'inia unafuta picha zote ulizopiga.

Hatua ya 10: Kabla ya kushona mzigo wa pili

Tangu oda ya kwanza, kila nguo inayorudi iandikie sababu kwa maneno ya mteja, saizi na rangi. Zikifika kumi utaona mstari. "Ndogo" nyingi za L zinaonyesha ukuzaji wa saizi umekosewa, au jedwali. "Rangi tofauti" inakurudisha dirishani. "Si kama nilivyofikiri" ni kosa la maelezo. Sababu hizo zina thamani kuliko maoni ya nyota tano.

Tazama pia kilichouzwa kwa bei kamili, na kwa mpangilio gani wa saizi. M na L zikiisha wiki ya pili na S zikabaki, mgawo wa mzigo ujao umeshajiandika. Rudia kwanza nguo iliyouzika. Muundo mpya ungoje.

Na ukirudi kwa muuzaji wa kitambaa, beba kipande cha mzigo wa kwanza. Jora jipya linaweza kutoka kwenye pipa jingine la rangi, na nyeusi mbili zisizolingana huonekana mara mteja anapolinganisha fulana yake na ya rafiki yake. Vilinganishe nje, kwenye mwanga wa mchana, kisha kata tena mraba, uupime uzito, uchore sentimita 50 kwa 50 na uufue mara tatu kabla hujalipa jora zima.